Fundi Saa na Kanda Yenye Meno

Mtu aliyetengeneza saa za nusu ya mji wa Singida hakuvaa saa, na alichelewa kila mahali. Alichelewa kufungua, alichelewa harusini, alichelewa msibani. Siku moja alichelewa hata kwenye kikao ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyewaita watu, akakuta wameshakubaliana na kutawanyika, kabaki Mama Maandazi, jirani yake wa pale sokoni, peke yake wa kumweleza kilichoamuliwa. Ukimuuliza, "Fundi, saa zote hizi na bado unachelewa?" alikujibu bila aibu yoyote:

"Mimi nazitengeneza. Sikusema nazitii."

Namwita Fundi Saa kwa sababu mji mzima ulimwita hivyo. Jina lake nililiona mara moja tu, juu ya bahasha, na sikuona kama linamfaa. Ameondoka mwezi uliopita. Mimi niko nyumbani Unyambwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, daftari langu lina kurasa nyingi tupu, na nikikaa bure mama ananituma, kwa hiyo naandika. Kwa mdomo mimi si hodari. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake nalijua kabisa, natazama dawati mpaka mwalimu anachoka na kumuuliza mwingine. Kwenye karatasi ndiko nilikowekewa maneno.

Meza yake ilikuwa barazani mwa duka la vitambaa, upande wa soko ambao upepo hauingii sana. Nasema hauingii sana, maana Singida hakuna mahali upepo usipofika. Juu ya meza kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake saa zimelala chali kama wagonjwa wodini. Skrubu zake, ambazo ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha, alizitia kwenye vikopo vya dawa. Jichoni alibana kile kioo cheusi cha mafundi saa, na alikuwa amekizoea hivi kwamba mara mbili nilimwona anakwenda nacho msikitini, watu wanamkimbilia, "Fundi, jicho! Jicho!" Nyuma yake, kwenye kiti kizima ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukikalia, ilikaa redio kaseti ya deki mbili, imefunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe kwa ajili ya vumbi. Mbele kulikuwa na benchi la watu watatu, ambalo siku zote lilikaliwa na watano.

Wengi wa hao watano hawakuwa na saa ya kutengeneza. Walikuja kwa ajili ya swali.

Swali lake lilikuwa moja, na alimuuliza kila mtu baada ya salamu, awe mteja, mpita njia au karani wa halmashauri: "Haya, unasikiliza nini sasa hivi?"

Ukisema, "Mimi napenda sana dansi," alikunyanyulia kidole chenye mafuta. "Sikukuuliza unapenda nini. Mtu anaweza kupenda kitu miaka kumi na hajakisikiliza. Mimi nimekuuliza unasikiliza nini. Wiki hii. Leo. Ulichokuja nacho kichwani hapa ni kipi?" Basi mtu mzima anakwama, anakuna kichwa, na mwisho anatoa ukweli. Mzee mmoja mwenye kanzu safi, mtu wa kuheshimika, alikiri mbele yetu kwamba tangu Jumamosi kichwani mwake unaimba wimbo wa watoto wa chekechea, na haumtoki hata akiwa anasali. Fundi Saa hakucheka. Alimwambia, "Imba kidogo tuusikie," na mzee wa watu akaimba, na benchi zima likaitikia.

Hapo barazani haikuruhusiwa kudharau jibu la mtu. Nilimwona akimfukuza kijana mmoja kwa kusema taarabu ni muziki wa wanawake wasio na kazi. "Nenda ukatembee," alimwambia, "ukirudi uwe umesikiliza moja mpaka mwisho." Kijana alirudi baada ya siku tatu, akaketi, na Mama Maandazi akamsogezea andazi.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa na mambo yake yasiyoeleweka. Hakuwahi kucheza. Mguu wake wa kushoto tu ndio uliocheza, chini ya meza, na ukimwambia anaukanyaga kwa ule wa kulia. Hakuwahi kuimba pia, kwa sababu sauti yake, alivyosema mwenyewe, ni ya mlango. Adhana ikisikika anazima kila kitu, hata wimbo uwe katikati ya neno, anakwenda kuswali, akirudi anabonyeza, na kinachoendelea ni kwaya ya kanisani kutoka Iramba, sauti nne zimepangana kama matofali. Mama Maandazi, ambaye ni mtu wa kwaya, alikuwa akimtania: "Fundi, siku moja tutakubatiza hapa hapa." Naye anajibu, "Leteni kwanza ile sauti ya nne, mlipoirekodi imemezwa."

Saa za plastiki hakuzitaka hata kuzigusa. Miaka hiyo ndiyo maduka yalianza kujaa vitu, kila mwenye baraza anauza kitu kilichotoka Dubai, na saa zile za namba zilimwagwa sokoni kwenye turubai kama nyanya. Mtu akimletea moja imekufa, anaiweka sikioni, anatingisha kichwa, anamrudishia. "Hii haipigi. Sasa mimi nitajuaje kama ni nzima?" Lakini kitu kingine kilichokuja na soko huria alikipenda kupita kiasi, nacho ni zile redio za watu binafsi za Dar es Salaam. Huku kwetu hazikushika. Sisi tulikuwa na redio ya taifa, na hiyo yenyewe jioni ilikuwa inakwenda na kurudi. Kwa hiyo mpwa wake wa Dar alikuwa anarekodi redio ya kule, saa nzima nzima bila kukata, na kumtumia kanda kwa basi.

Tulizisikiliza zote mpaka mwisho, pamoja na matangazo. Benchi zima lilijua foleni iko wapi Dar es Salaam Jumanne iliyopita. Tulijua duka gani la Kariakoo linapunguza bei ya mazulia, wakati hakuna mmoja wetu aliyekuwa na zulia. Na katikati ya muziki mtangazaji alikuwa anasema kwa sauti tamu, "Sasa ni saa mbili kasorobo asubuhi," na huku Singida ni alasiri. Kuna mteja mmoja alikuja kuchukua saa yake iliyotengenezwa, akaomba kujua saa ngapi ili airekebishe, na kabla Fundi hajafungua mdomo mtangazaji, siku hiyo kwenye kanda ya alasiri, akamjibu. Mtu yule akashukuru, akarekebisha, akaenda zake. Kesho yake alirudi mkali kama pilipili.

"Nimekosa basi la Dodoma!"

"Kwa saa ya wapi?" akauliza Fundi Saa.

"Kwa saa ya redio yako!"

"Redio yangu inasema ya Jumanne, kaka. Wewe umeondoka hapa Ijumaa na saa ya Jumanne, ulitaka basi gani likusubiri?"

Benchi lilianguka kwa kicheko. Mwenye saa mwenyewe alicheka mwisho, lakini alicheka.

Mimi nilifika hapo nikiwa kidato cha pili, nimetumwa kuchukua saa ya baba. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, mwanangu. Unasikiliza nini sasa hivi?" Nikatazama viatu vyangu. Akasubiri. Nikaendelea kutazama viatu. Akasema, "Saa haijawa tayari, njoo kesho." Nilikwenda kesho, na keshokutwa, na siku zilizofuata baada ya shule, na kila siku ni swali lile lile na viatu vile vile. Baba alianza kunung'unika kwamba fundi huyu ni mwongo. Siku ya nane au ya tisa, kwa kuchoka tu, nilisema kwa sauti ya kunong'ona kwamba nasikiliza ule muziki unaopigwa redioni kabla ya matangazo ya vifo, kwa sababu baba anaongeza sauti ukianza, na mimi nauona ni mzuri ingawa ni wa huzuni.

Fundi Saa alifungua mtoto wa meza, akatoa saa ya baba. "Imekuwa tayari tangu Jumatatu ile," alisema. "Nilikuwa nasubiri useme. Kaa." Na utingo wa lori, kijana anayesafiri nyuma ya magunia, akajisogeza, nikapata nafasi ya sita kwenye benchi la watu watatu.

Sasa nieleze kanda ya mzunguko, maana bila hiyo mtu hatajua kilichonipata.

Utingo huyo alikuwa wa lori linalozunguka Misigiri na Kinyangiri kuchukua alizeti. Fundi Saa alikuwa na wateja huko, na wao pia aliwauliza swali lake, lakini aliwaona kwa nadra. Basi alichukua kanda moja tupu, akarekodi ndani yake wimbo aliokuwa anausikiliza wiki hiyo, akampa utingo. Misigiri kulikuwa na muuza vitunguu mwenye redio kaseti. Huyu alitakiwa ausikie wimbo wa Fundi, kisha kwa sauti yake aseme yeye nani, wa wapi, anasikiliza nini, na aurekodi wimbo wake baada ya ule wa kwanza. Halafu kanda inakwenda Kinyangiri, inarudi mjini, inakwenda kwa mwingine. Ikijaa inaanza upya, na nyimbo za zamani zinafutwa na mpya. Ndiyo maana hakuruhusu mtu kung'oa meno ya kanda. Meno aliviita vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda, ambavyo ukivivunja haikubali tena kurekodiwa juu yake. Watu wote walikuwa wanang'oa meno ya kanda wanazozipenda. Yeye hapana. "Ukiing'oa meno haili tena," alisema. "Na kanda isiyokula haisafiri."

Sheria ilikuwa moja: wimbo ukishasikiwa na wote, ufutwe, hakuna neno. Usifutwe kabla haujasikiwa.

Na ili mtu ajue aanzie wapi, kila mmoja akimaliza wimbo wake aliisogeza saa kwenye kipaza sauti cha redio, ipige tiki tiki tiki kwa kitambo kidogo. Ukisikia tiki tiki, hapo mwenzako amemaliza, bonyeza vidole viwili, cha kupiga na cha kurekodi kwa pamoja, anza. Wasio na saa Fundi aliwagawia mbovu za sandukuni. Mimi nilipewa moja isiyo na mishale. "Hii haijui saa," aliniambia, "lakini moyo inao."

Huko Kinyangiri kanda ilikuwa inapokelewa na bibi mmoja ambaye sisi mjini hatukuwahi kumwona. Alifahamiana na Fundi kwa sababu ya saa kubwa ya ukutani ya marehemu mumewe, ile ya kutia ufunguo. Ilikuwa imekaa bubu miaka, akaipakia kwenye lori imefungwa khanga kama mtoto, na Fundi akaifanyia kazi karibu mwezi. Akairudisha inapiga kwa nguvu. Bibi alijiunga na mzunguko kwa redio ya mjukuu wake, lakini hakurekodi muziki wa mtu. Aliimba mwenyewe.

Zamu yangu ilikuwa baada ya yake. Kanda ilirudi siku ya Jumamosi, na Fundi Saa, bila shaka, alikuwa hajafika. Utingo akanipa moja kwa moja mkononi. "Chukua, Salome, leo wewe ndiye mwenye mji. Usiogope, haiumi."

Nyumbani walikuwa wamekwenda mnadani wote. Nikaweka redio kaseti ya baba mezani. Kwa rafiki yangu wa darasani nilikuwa nimeazima kiredio chenye kanda ya rap, vijana wa Dar wanaimba kwa Kiswahili haraka haraka, maana shuleni kila mtu alijifanya anaujua na mimi sikutaka mzunguko mzima wanione mshamba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeusikia mara mbili tu na sikuelewa hata nusu.

Nikasikiliza. Wimbo wa muuza vitunguu ukapita, saa yake ikapiga. Akaja Bibi, akasalimia kila mtu kwa zamu, akauliza mvua, akaimba wimbo mfupi wa kubembeleza mtoto. Akanyamaza. Tiki. Tiki. Tiki. Nikahesabu kumi. Nikasimamisha, nikabonyeza vidole viwili, nikasema harakaharaka, "Mimi ni Salome wa Unyambwa, sasa hivi nasikiliza hii," nikaelekeza kiredio cha rafiki yangu kwenye redio ya baba, na rap ikaingia pamoja na upepo na kuku wetu wawili. Nikapigisha saa yangu isiyo na mishale. Nimemaliza! Nilijisikia mtu. Nikaiacha kanda iendelee ili nihakikishe tiki imeshika.

Tiki yangu ikaisha. Halafu akatokea Bibi.

Alikuwa katikati ya neno. Alikuwa anaimba wimbo mwingine kabisa, mzito, kwa Kinyiramba, na chini ya sauti yake jiwe linakwenda juu ya jiwe, kru, kru, anasaga uwele. Ulikuwa umebaki mstari mmoja na nusu. Akaumaliza, akacheka kwa pumzi, akasema, "Basi, huo ndio ninaousikiliza." Ndipo ikapiga saa nyingine, ndogo, ya mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa alama.

Ile niliyoisikia mimi ilikuwa saa ya ukutani. Bibi alinyamaza kuvuta pumzi na kusogea kwenye jiwe, na saa yake kubwa haikunyamaza. Wimbo wake wa kweli nimeufuta, na hakuna mtu duniani aliyekuwa ameusikia.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hili ni daftari langu. Nilikaribia kufuta na kile kipande kilichobaki. Ilikuwa ni kubonyeza vidole viwili tu na kuiacha ikimbie kimya. Fundi hakuwa ameisikia. Bibi angejua mwezi ujao, lakini Bibi yuko Kinyangiri. Kidole kilikuwa juu ya kibonyezo. Nikasema ngoja kwanza nikisikilize mara moja zaidi. Nikakisikiliza tena. Nikakisikiliza mpaka waliokwenda mnadani wakarudi na mbuzi wao, na mama akauliza nani anasaga ndani.

Jumatatu nilimpelekea Fundi Saa kanda na karatasi. Nilikuwa nimeandika kila kitu, kwa mwandiko mzuri, ukurasa na nusu. Alikuwa na kioo chake jichoni. Hakuipokea.

"Jicho langu limo ndani ya saa ya mtu," alisema. "Soma."

"Fundi, naomba usome mwenyewe."

"Nimekwambia limo ndani ya saa. Soma, mwanangu, tuko wachache."

Walikuwa watano na Mama Maandazi wa sita. Nikasoma. Sauti ilikuwa inatoka nyembamba kama uzi, na nilipofika penye neno "nimefuta" utingo akapiga mluzi. "Lahaula! Kumfuta Bibi? Mimi ndiye nitakayepeleka habari hizi? Yule ana fimbo!"

Fundi Saa alitoa kioo jichoni. Nilikuwa sijawahi kumwona ametoa kioo kwa ajili ya mazungumzo. Akaweka kanda, akasikiliza wimbo wa mtoto, tiki zile, mimi, rap, kuku, na mwisho kipande cha Bibi. Mguu wake wa kushoto haukucheza. Nikajua nimefukuzwa. Nikaanza kuinuka kabla sijaambiwa.

"Rudisha nyuma," alimwambia utingo. "Hapo kwenye tiki." Akainamisha sikio. Akasikiliza tena. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kimemkaba. "Hiyo sauti ni yangu!" alisema. "Ilikuja hapa bubu kabisa. Mwezi mzima niliipigania ipige hivyo, nikajisifu mji mzima. Sasa ona ilivyonifanyia!" Akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Lakini mwenye wimbo si mimi. Mwambie mwenyewe."

"Nitamwandikia barua."

"Bibi hasomi. Anasikiliza."

Akapeleka kanda mpaka kwenye alama ya kweli, baada ya saa ndogo ya Bibi. Akabonyeza vidole viwili bila kuniuliza. Kile kitaa chekundu cha kurekodi kikawaka. Karatasi yangu Mama Maandazi alikuwa ameichukua, ameikalia.

Nikasema, "Shikamoo, Bibi." Kitaa bado kinawaka. "Mimi ni Salome. Nimefuta wimbo wako wa kusaga. Sikukusudia, nilisikia saa yako ya ukutani nikadhani umemaliza. Naomba radhi. Na ile rap niliyoweka, siisikilizi. Niliiazima. Ninachosikiliza sasa hivi ni ule mwisho wako uliobaki. Nimeusikiliza mara nyingi sana. Sijui unaanzaje. Ningependa kujua unaanzaje." Nikaishiwa.

Fundi Saa akachukua saa mkononi kwangu, akaisogeza kwenye redio. Tiki tiki tiki.

Utingo akasema, "Kumbe una sauti, wewe!"

Lori lilikwenda na kanda, likarudi bila kanda. Likaenda tena. Wiki hizo nilipita barabara ya nyuma nisionekane barazani. Siku kanda iliporudi, utingo alinifuata mpaka getini shuleni na lori la tajiri wake, anapiga honi, nikaona aibu ya mwaka mzima. Fundi Saa alikuwa amekataa kuisikiliza mpaka nifike. Alikuwa amekuja mapema siku hiyo. Mama Maandazi ni shahidi.

Sauti ya Bibi ilitoka karibu sana, nadhani mdomo ulikuwa umegusa redio.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekusikia. Sasa nikwambie, ule wimbo niliuimba nina mafua. Umefuta mafua yangu, ahsante sana. Na wewe mwenye saa huko mjini, saa yako nimeitoa nje leo, nimeiweka na kuku, ipigane nao. Haya, Salome, unaanza hivi."

Na ukaanza. Ulikuwa na mistari mingi kuliko nilivyowaza, na katikati jogoo aliwika mara mbili, na Bibi akamkemea bila kuacha kuimba. Mimi sijui Kinyiramba, kwetu ni Kinyaturu, Mama Maandazi ndiye alikuwa anatufasiria: mwanamke anasaga, anamwambia jiwe habari ambazo hajamwambia mtu yeyote. Ulipofika kwenye ule mstari mmoja na nusu, midomo yangu ilikuwa inakwenda. Fundi Saa aliona. Mguu ule wa kushoto alikuwa ameuachia.

Kanda iliendelea kusafiri mwaka mwingine na zaidi. Halafu sikuiona tena, na nilipouliza aliniambia utepe umechoka, ameanzisha nyingine. Niliamini. Mimi mwenyewe nilikuwa na mtihani.

Mwezi uliopita nikasikia anahama, anakwenda kwa binti yake Tabora. Saa za turubai zilikuwa zimemshinda, mteja anaona afadhali anunue nyingine. Nilikwenda stendi asubuhi. Basi lilikuwa linanguruma, utingo wetu wa lori yuko juu anafunga sanduku la kioo, na mwenyewe hayupo. Konda anapiga kelele, "Huyu Fundi Saa anajua kweli saa?" Akatokea taratibu kutoka upande wa soko, redio kaseti amekumbatia, kile kioo kimening'inia shingoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unasikiliza nini sasa hivi?"

Nikamwambia, kwa sauti, na abiria wakageuka, kwamba nasikiliza mama yangu akiosha vyombo, kuna wimbo wa Kinyaturu anauanza kila siku na haumalizi, na nimepanga kumwomba aumalize. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaweka mguu kwenye ngazi ya basi.

Sijui kilichonipa. Nikasema, "Na wewe, Fundi? Unasikiliza nini?"

Alisimama na mguu mmoja ngazini. Miaka yote ile kwenye benchi lile, na kwenye kanda zote, sikuwahi kusikia mtu anamuuliza. Hata yeye nadhani hakuwa amejiandaa, maana alitazama viatu vyake. Konda akagonga bodi. Fundi Saa akafungua mdomo wa redio kwa kidole, akatoa kanda, akanipa niishike. Karatasi iliyobandikwa juu yake ilikuwa imefutika kwa kushikwa, lakini niliijua: ni ile ya mzunguko, aliyoniambia utepe wake umechoka. Nikaigeuza, nikapitisha kidole gumba mgongoni, pale palipo na meno. Palikuwa na mashimo mawili.

"Usimwambie mtu," alisema, akanipokonya. "Fundi Saa, saa hiyo!" akapiga kelele konda, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Fundi alipanda akikimbia.